Sekunde Thelathini za Haydom

Paukwa! Pakawa!

Basi sogeeni, wajukuu zangu. Kwa desturi hadithi huja na sungura, fisi na uongo wa kuikoleza. Ya leo sungura hayumo. Wamo wakunga, umo mdoli uliojazwa maji, na wamo watu waliokaa leba usiku na mchana wakiwa na saa mkononi. Tena haikutokea mbali. Ilitokea Mbulu hii hii, pale Haydom, katika hospitali ambayo mtu wa Bashay haulizi njia ya kwenda.

Imeanza na swali. Mmoja wenu wa darasa la sita, simtaji maana ataona haya, aliniuliza: "Babu, eti hawa wahandisi watafiti wanaobuni vifaa vipya, yule hodari anamzidi mwenzake kwa kitu gani? Ni Hisabati?" Nikamjibu kwamba Hisabati imo, lakini ingekuwa Hisabati peke yake, hadithi ingeishia kwenye cheti cha mtihani nasi tungeenda kulala.

Tuelewane kwanza ni mtu gani tunayemzungumzia. Mhandisi anayejenga daraja hufuata kanuni ambazo wenzake wamezitumia miaka mingi, na daraja likianguka kila mtu anajua amekosea. Mhandisi mtafiti ana shida nyingine. Anatengeneza kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Hajui kama kitafanya kazi, na mara nyingi hakifanyi. Sasa ukiwa na wahandisi watafiti wawili, na wote wawili wanakosea wiki nzima, utamjuaje aliye hodari?

Swali hilo liliwasumbua wakubwa pia. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani, David McClelland, aliandika makala iliyowakera wengi. Alisema vipimo vya akili na maksi za shule havitabiri vizuri nani atafanya kazi vizuri. Ukitaka kujua, alisema, watafute watu ambao wenzao wote wanakubali kuwa ni hodari, watafute na wale wa kawaida, kisha umketishe kila mmoja na umwombe akusimulie: siku ile kazi ilipokwenda vizuri ulifanya nini? Na ile iliyoharibika? Ulimwambia nani? Halafu? Yaani mzee yule alitaka hadithi, na hapo mimi namvulia kofia. Jambo linalojirudia kwenye masimulizi ya hodari na kukosekana kwenye ya wale wengine ndilo aliloliita umahiri. Ndilo neno hilo hilo mnalolikuta sasa kwenye mitaala yenu ya shule.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1993, Robert Kelley na Janet Caplan walichapisha walichokiona kwa wahandisi wa Bell Labs, maabara ya Marekani ambako transista ilibuniwa mwaka 1947. Wahandisi wa pale wote walikuwa na akili za kutisha. Watafiti wakapima akili, wakapima tabia, wakapima ujasiri, na vipimo havikuwatenganisha hodari na wa kawaida. Tofauti ilionekana kwenye namna ya kufanya kazi. Mhandisi wa kawaida akikwama hupiga simu kwa mtaalamu asiyemjua, kisha husubiri siku kadhaa. Hodari hupiga simu na kujibiwa mapema, kwa sababu alishawasaidia wale watu zamani, siku ambazo yeye mwenyewe hakuwa na shida yoyote. Hodari pia hushika kazi ambayo si yake kwenye karatasi, mradi aone inamkwamisha mwenzake.

Haya ni maneno mazuri, lakini ni ya watu wa simu za mezani. Turudi nyumbani tuyaone yakitembea kwa miguu.

Hospitali ya Haydom ilianzishwa mwaka 1955 na wamisionari Walutheri kutoka Norway, na leo iko chini ya KKKT Dayosisi ya Mbulu. Mnajua wenyewe sehemu zile. Kwenye foleni moja utamkuta Mwiraqw, Mdatoga, Mnyiramba na Mhadzabe, watu wanne wenye lugha nne zisizo na undugu hata kidogo. Mama anaweza kufika kwa pikipiki baada ya saa nyingi za barabara mbovu, na Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Mtu anayebuni kifaa cha kutumika pale akiwa ofisini kwake Ulaya, bila kuiona foleni hiyo, ana hakika ya kukosea.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Watoto wengi mno wakizaliwa hulia na kupumua wenyewe, hata kabla hujawafuta. Wachache hawapumui. Moyo unapiga, mwili upo, pumzi hakuna. Wakunga huiita ile dakika ya kwanza dakika ya dhahabu: mtoto afutwe, asuguliwe mgongo, na kama bado kimya, awekewe barakoa ndogo usoni na kupuliziwa hewa kwa mfuko unaobonyezwa kwa mkono. Kifaa ni rahisi. Kwa nini basi watoto waliendelea kufa?

Hapa inabidi niwapeleke kidogo Stavanger, mji wa pwani wa Norway, kwa mtengeneza midoli. Ndiyo, midoli ya kuchezea. Åsmund Lærdal alianzisha kampuni yake mwaka 1940, akatengeneza vitabu vya watoto, vichezeo vya mbao, halafu midoli na magari ya plastiki laini. Miaka ya 1950 mwanawe mdogo, Tore, alizama majini akakaribia kufa, na baba akamwokoa kwa kuyatoa maji kifuani. Baadaye kidogo madaktari wa usingizi walipotaka mdoli wa kufundishia watu kumpulizia hewa aliyezimia, fundi mwenye kuijua plastiki laini alikuwa yeye. Mwaka 1960 mdoli huo, Resusci Anne, ukatoka. Umetumika duniani kote. Tore alipokua akaiongoza kampuni ile, na mwaka 2010 likazaliwa tawi lisilotafuta faida, Laerdal Global Health, la kubuni vifaa vya kuokoa akina mama na watoto kwenye nchi kama yetu. Nimewapitisha huko ili muone jambo moja tu: yule mzee hakusomea udaktari. Aliijua plastiki kwa undani, na akawasikiliza madaktari.

Sasa mdoli wa maji. Unaitwa NeoNatalie. Ukiwa mtupu ni kipande cha plastiki unachoweza kukikunja ukakitia kwenye begi la shule. Ukiujaza maji ya uvuguvugu, karibu lita 2, unakuwa na uzito wa kichanga, kichwa kinalegea vilevile, na mwalimu akibonyeza kipira kilichofichwa pembeni, kitovu kinadunda kama chenye mapigo. Mkunga anajifunzia hapo mpaka vidole vizoee. Mara ya kwanza mkiuona mtacheka. Mkiushika, hamtacheka.

Pale Haydom alikuwepo daktari wa usingizi kutoka Norway, Hege Ersdal, na madaktari wa Kitanzania, akiwemo Estomih Mduma. Kabla ya kubuni chochote, waliamua kutazama. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2009 wakaweka wasaidizi wa utafiti waliofundishwa kazi hiyo, wanaopokezana kwa zamu 3, mchana na usiku, Krismasi na Pasaka, ili kila mtoto anayezaliwa aonwe. Kazi yao haikuwa kumgusa mtoto. Kazi yao ilikuwa kubonyeza saa. Amezaliwa: bonyeza. Amelia: bonyeza. Ameanza kupuliziwa hewa: bonyeza. Kisha kuandika.

Nataka mkae na jambo hili kidogo, maana wengi hulipita. Fikiria ni saa tisa usiku, baridi ya Mbulu mnaijua, na wewe kazi yako ni kutazama mtoto wa kumi na ngapi sijui akizaliwa salama, akilia vizuri, na kuandika "amelia". Hakuna atakayekusifu. Ukisinzia ukaandika sekunde za kukisia, hakuna atakayejua. Lakini namba yako hiyo ya uongo itaingia kwenye hesabu, na kifaa kitakachobuniwa kesho kitasimama juu yake. Kwangu mimi, umahiri wa kwanza wa mhandisi mtafiti ndio huu, wala hauna jina la kupendeza: kuandika kilichotokea, si kile ulichotegemea kitokee. Nimewaona watoto wenye akili nyingi wakishindwa hapo hapo, kwa sababu mtu mwenye akili nyingi hulijua jibu kabla ya kupima.

Walitazama watoto 5,845. Majibu yakachapishwa mwaka 2012: kwa mtoto asiyepumua, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpulizia hewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au ya kulazwa muda mrefu. Sekunde 30, wajukuu. Ni muda wa kutafuta barakoa kwenye droo isiyo yake.

Tunaenda kwenye sehemu ninayoipenda zaidi, kwa sababu ndani yake watu wazima wanaumbuka mbele ya watu na hawajifichi.

Aprili 2010 Haydom iliendesha mafunzo ya siku moja kwa kutumia ule mdoli. Wafanyakazi wakajifunza vizuri. Walipopimwa tena kwenye mdoli miezi kadhaa baadaye, walikuwa bora kuliko mwanzo. Kama ni shule, hapo wangepewa vyeti, picha ingepigwa, na bango lingekunjwa. Lakini wale watu wenye saa walikuwa bado leba, na saa zao zilisema mambo mengine: kwa watoto wa kweli hakuna kilichobadilika. Mikono iliyofaulu kwenye mdoli haikufanya tofauti na zamani pale mtoto halisi alipolala kimya mezani.

Ungefanya nini hapo? Wapo ambao wangelaumu wauguzi. Wapo ambao wangeyapeleka matokeo ya mdoli kwa wafadhili na kuyaficha ya leba. Wao waliyachapisha, na kichwa cha makala kikasema waziwazi kwamba mafunzo ya siku moja yanaboresha zoezi la mdoli lakini si huduma kwa mtoto. Kisha wakarudi kujiuliza. Wakaacha mafunzo ya kukusanyana ukumbini. Mdoli ukakaa leba, jirani na meza yenyewe, na kila wiki mkunga akafanya zoezi la dakika 3 hadi 5, akiwa zamuni, kwa vifaa vile vile atakavyovitumia mtoto akija. Mara moja kwa mwezi wakafanya la dakika 40. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Makala hiyo ya mwaka 2015 jina la kwanza juu yake ni la Mduma.

Hakuna kifaa kipya hapo, mtaniambia. Kweli. Mhandisi asiyekuwa mtafiti angeona hayamhusu. Lakini aliye hodari hukubali kwamba dawa ya shida inaweza kuwa mahali pa kuuweka mdoli, si mdoli wa bei kubwa zaidi.

Vifaa navyo vikaja. Mmewahi kujaza upepo tairi la baiskeli huku mdomo wa pampu haujashika sawasawa? Unasukuma mpaka jasho linakutoka, upepo unapita pembeni, tairi liko vilevile. Ndivyo ilivyokuwa kwa mfuko wa hewa wa zamani. Mfuko ule umelala kwa ubavu, mkono mmoja unabana barakoa usoni pa mtoto, mwingine unaminya mfuko, na kila unapominya barakoa inainuka kidogo upande mmoja. Uso wenyewe ni mdogo kuliko kiganja chako, una maji maji na unateleza. Wahandisi wa Stavanger wakausimamisha mfuko wima juu ya barakoa, ili mkono unapoukandamiza, nguvu ile ile iibane barakoa chini. Wakakiita kifaa hicho Upright. Kinafumuliwa vipande vipande na kuchemshwa, maana kwenye zahanati vitu vya kutumia mara moja na kutupa hutumika mara ishirini.

Wakafika kwenye mapigo ya moyo. Ili kujua kama mtoto anaendelea vizuri, utazame moyo wake unapigaje. Hospitali kubwa hubandika vinata kifuani. Sasa jaribuni kubandika kinata kwenye kichanga ambacho sekunde 20 zilizopita kilikuwa tumboni. Hakishiki. Miongoni mwa waliohangaika na jambo hilo ni wahandisi watafiti Helge Myklebust na Joar Eilevstjønn, ambao majina yao mtayakuta kwenye makala nyingi za Haydom pamoja na ya madaktari. Jibu likawa kuachana na vinata kabisa na kutumia vishikio vikavu vya chuma vinavyougusa mwili bila gundi. Kwanza vilitumika kwenye mtambo wa utafiti uliokaa ukutani juu ya meza ya watoto, uliorekodi mapigo, shinikizo na kiasi cha hewa kila mara mfuko ulipobonyezwa. Baadaye kikatoka kidude kidogo chenye umbo la nusu duara, NeoBeat, unachokivalisha kifuani pa mtoto kwa mkono mmoja na namba inatokea.

Mtambo ule wa ukutani ulileta jambo ambalo hakuna mtu angelijua kwa kukisia. Kwa kuwa uliandika kila pumzi, watafiti waliweza kuuliza: hewa kiasi gani inauinua moyo haraka zaidi? Daktari Jørgen Linde na wenzake wakaona kiasi kinachofaa ni karibu mililita 9 kwa kila kilo ya mtoto. Kwa mtoto wa kilo 3 hiyo ni mililita 27, haifiki vijiko 6 vya chai. Na matokeo hayo yalitoka Haydom, siyo maabara ya Ulaya, kwa sababu Haydom ndiko walikokaa na kupima.

Si kila wazo lilifaulu. Wataalamu waliamini kwamba wakiongeza kwenye mfuko valvu ya kubakiza shinikizo kidogo, ili mapafu yasijifunge kabisa kati ya pumzi na pumzi, moyo utapanda haraka zaidi. Ni wazo lenye mantiki. Hata mimi ningeliamini. Wakajaribu kwa uaminifu kwa watoto zaidi ya 400 pale Haydom, wengine kwa valvu, wengine bila, na matokeo ya mwaka 2020 yakasema moyo haukupanda haraka zaidi. Wakaandika hivyo hivyo.

Kilikuwepo pia kifaa cha akina mama kinachoitwa Moyo, nacho kilikuwa na somo lake. Bila kifaa hicho mkunga husikiliza mapigo ya mtoto tumboni kwa kifaa kama tarumbeta ndogo, anaweka sikio, anahesabu, anahamia kwa mama mwingine. Akiwa na akina mama wanne na yuko peke yake, hesabu mwenyewe nani atasikilizwa kwa wakati. Moyo hufungwa tumboni kwa mkanda na kuhesabu bila kuchoka. Wabunifu walikumbuka hata kosa linalowapata wengi, la kuhesabu mapigo ya mama ukidhani ni ya mtoto, wakaweka sehemu ya mama kugusa kwa vidole ili namba mbili zilinganishwe. Kifaa kikagundua mapigo mabaya mara nyingi zaidi kuliko tarumbeta. Hata hivyo majaribio, yakiwemo ya Daktari Paschal Mdoe pale Haydom, hayakuonyesha kwamba kugundua peke yake kunapunguza vifo moja kwa moja. Kwa nini? Kwa sababu king'ora kikilia, bado anahitajika mtu wa kuja, chumba cha upasuaji kilicho wazi, damu, gari. Mhandisi anayependa kifaa chake kupita kiasi hukasirika akisikia hivyo. Aliye hodari huuliza: baada ya namba kutokea, nini kinafuata, na nani anakifanya?

Msidhani hodari hawa wanazaliwa Norway tu. Askwar Hilonga alizaliwa Gongali, Karatu, na Karatu, kwa wasiojua, zamani ilikuwa ndani ya Mbulu. Alikua akiyaona maji machafu yakiwaumiza watu wa kijiji chake. Akasomea uhandisi wa kemikali mpaka Korea Kusini, akarudi kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru, Arusha, na akabuni chujio linaloanza na mchanga, ule mchujo wa kale unaojulikana duniani tangu karne ya 19, kisha akauongezea chembe ndogo mno zinazonasa vitu ambavyo mchanga hauvinasi. Mwaka 2015 akapata tuzo ya kwanza kabisa ya uhandisi Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000.

Mimi tuzo hainishangazi sana. Nashangazwa na mambo mawili madogo aliyoyafanya. Kwanza, hakutengeneza chujio moja la watu wote. Maji ya sehemu moja yana vijidudu, ya sehemu nyingine yana madini ya floraidi, na ninyi wa ukanda huu wa Bonde la Ufa mnawajua watu wenye meno ya kahawia tangu utotoni. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya kaskazini vinapita hapo. Kwa hiyo maji yapimwe kwanza, kisha chujio litengenezwe kwa maji hayo. Pili, alipoona familia nyingi haziwezi kununua chujio, hakulalamika kwamba watu hawaelewi sayansi. Chujio likawekwa kwa mtu wa kijijini, na watu wakanunua maji safi kidogo kidogo. Hesabu ya mfukoni mwa mama ni sehemu ya uhandisi kama ilivyo hesabu ya chembe.

Ukitumia njia ya McClelland sasa, ukawaketisha watu wa hadithi hii mmoja mmoja na kuwauliza "halafu ukafanya nini?", utasikia mambo yanayofanana. Mmoja atasema: nikakaa pale nikatazama. Mwingine: nikapima, ikanikatalia, nikaandika. Mwingine: nikamuuliza mkunga kwa nini hakitumii kifaa. Sijui kama utamsikia hata mmoja akisema: nilikuwa wa kwanza darasani. Huenda walikuwa wa kwanza, sikatai. Hesabu za mtambo ule wa ukutani huwezi kuzifanya kwa ndoto, na asiyejua Fizikia na Kiingereza cha kusomea makala atabaki nje ya mlango. Ila wako wengi wenye maksi zile zile ambao hawakukaa leba.

Na jambo lile la Bell Labs, la kujenga urafiki wa kazi kabla ya shida? Lipo. Watu wa Haydom na watu wa Stavanger walikuwa wameshafanya kazi pamoja kwa miaka, wameshakosea pamoja, kabla Tanzania haijataka kuupeleka mpango wao wa vifaa na mazoezi mbali zaidi. Ulipopelekwa, uliingia kwenye vituo 30 vya mikoa 5: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Ulikuwa na ule mdoli, ule mfuko wima, NeoBeat, Moyo, zoezi fupi la kila mara, na takwimu zinazorudi kwa wakunga wenyewe ili wajione. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine, moja ya majarida ya tiba yanayoheshimiwa zaidi duniani. Vifo vya watoto katika siku yao ya kwanza vilipungua kwa asilimia 40, na vya akina mama kwa asilimia 75.

Basi, wewe wa darasa la sita uliyeuliza, na wengine mnaojifanya hamkuuliza, msisubiri chuo kikuu. Bashay mnalima vitunguu saumu, na mnajua vinavyonyauka na kuoza ghalani wakati mkulima anangoja bei ipande. Chukueni mafungu mawili yenye uzito sawa. Moja liwe juu ya uchaga, jingine sakafuni. Yapimeni kila Jumamosi kwa mizani ile ile, muandike tarehe, uzito na hali ya hewa, mpaka msimu uishe. Namba isiyowapendeza msiifute. Kisha mpelekeeni mwalimu wenu wa Sayansi daftari hilo, na mzungumze naye kabla hamjapigilia hata msumari mmoja.